Jua Ilingoja Filimbi

Hapana, usilaumu jua. Jua haikuwa na makosa siku hiyo, na mimi sipendi mtu akiisema vibaya, kwa sababu nilikuwa hapo na niliiona. Ilifanya kazi yake tangu asubuhi. Ilitoka nyuma ya Mlima Kenya, ikapita juu ya mji wa Nyeri polepole, ikateremka upande wa Nyandarua kama siku zote. Ni filimbi ilikosekana. Sasa ukiwa wewe ndiye jua, na mwenye filimbi hajakuachilia, utaenda wapi?

Ngoja nikuambie vizuri, na hiyo chai usiache ikapoa.

Ilikuwa hiyo miaka ya sabini, mwezi ya Ramadhani. Nyeri ilikuwa na timu moja tu kwa divisheni ya kwanza, na hiyo timu ilikuwa ya Majengo, pale Waislamu wanakaa. Vijana wa cherehani, vijana wa buchari, mmoja alikuwa anaosha malori. Mpira walikuwa wanajua. Pesa ndio hawakuwa nayo, hata jezi zao mama mmoja alikuwa anazifua jioni na wanazivaa kesho zikiwa na maji. Hiyo siku ilikuwa mechi ya mwisho ya mwaka. Majengo wakishinda, wanabaki divisheni ya kwanza. Wakitoka sare, wanashuka, na timu ya kwetu ikishuka ilikuwa ni kama mtu amezikwa. Unaweka maua, unaenda nyumbani.

Na walikuwa wanacheza na nani? Na Radi ya Nairobi. Hiyo Radi usifanye mchezo nayo. Ilikuwa na basi yake mwenyewe, na mwenyekiti yake alikuwa anakula na mawaziri. Wao walitaka sare tu, wachukue kombe waende nayo.

Refarii alikuwa anaitwa Ndungu. Alikuja na hiyo basi ya Radi, amekaa mbele karibu na dereva, amebeba mfuko ya machungwa ya Radi kwa magoti. Alisema basi ya abiria ilimwacha, ndio hao watu wakamhurumia. Hakuna mtu aliuliza tena. Alikuwa mtu mzuri, mnene kidogo, mwenye heshima. Alisalimia wazee wote kwa mkono, hata mimi, na mimi sikuwa hata mzee.

Golikipa ya Majengo alikuwa Dawud. Huyo alikuwa fundi wa nguo, mrefu, mkono yake ilikuwa inafika mahali ya watu wengine haifiki. Mama yake, Mishi, alikuwa anauza sambusa karibu na msikiti. Baba yake Dawud alikuwa amekufa, na tangu huyo mzee aende, hawa wawili walikuwa na desturi yao. Ramadhani, adhana ikilia, Dawud anachukua tende anaweka kwa mkono ya mama. Mama anakula. Halafu yeye pia anakula. Mishi hakuwa anafungua kabla ya hiyo tende kutoka kwa mkono ya mtoto yake. Hata kama pilau iko mbele yake inatoa moshi, angekaa tu anaiangalia.

Sasa mechi iliwekwa saa kumi. Majengo waliomba saa nane, wakaambiwa mwenyekiti wa Radi ako na mahali anakula mchana. Vijana walikuwa wamefunga, tangu alfajiri hakuna hata maji. Lakini wakasema, haina neno, ni afadhali. Mpira ikiisha tu, unanawa uso, adhana inalia, unakula. Wamama wa Majengo wakaleta sufuria zao hapo uwanjani, wakazipanga kando ya laini na kuzifunika na leso. Kulikuwa na pilau, sambusa, chapati, uji ya pilipili manga. Na desturi yao ni kwamba adhana ikilia, mtu yeyote ako karibu anaitwa, awe nani awe nani. Ndio maana Wakikuyu wengi wa Nyeri tulikuwa tunapenda sana Ramadhani. Sisi pia tulikuwa tunafunga, kuanzia saa kumi na mbili mpaka kumi na mbili na nusu.

Basi mpira ikaanza. Majengo wakaingiza goli, refarii akasema ofisaidi. Wakaingiza ingine. Refarii akafikiria, akasema huyo aliyefunga alipiga mpira na hasira, na hasira hairuhusiwi. Abdulatif, kapteni wa Majengo, mtu wa buchari, akamuuliza, "Refarii, wewe umeona hasira wapi?"

"Kwa mguu," akasema Ndungu.

Goli ya tatu ndio ilimshinda. Beki wa Radi alitaka kumrudishia kipa wake mpira, akaupiga na goti, ukapita kando ya kipa ukaingia. Hakuna mtu wa Majengo alikuwa karibu. Ndungu alizunguka hiyo goli kama mtu anatafuta funguo imeanguka kwa nyasi. Alitafuta sababu huku, akatafuta kule, akakosa. Akaandika goli. Majengo moja, Radi hakuna.

Ikafika saa ya kuisha. Kila mtu alijua, kwa sababu wamama walikuwa wameanza kufunua sufuria. Jua ilikuwa imebaki juu ya Nyandarua kidogo tu, kama upana wa mkono. Tukangoja filimbi. Haikulia. Radi wakashambulia, Dawud akashika. Wakashambulia tena, Dawud akashika tena. Tukaangalia jua, ikawa iko pale pale, upana wa mkono.

Mtu wa kwanza kusema alikuwa Waithira, yule alikuwa anachoma mahindi kando ya goli. Kivuli ya mlingoti ilikuwa imefika kwa mguu yake, na ikakaa. Akasema, "Hii jua inanipiga kwa jicho moja tu." Akageuza kiti. Akauza mahindi yote ikaisha. Akaenda nyumbani kwake kule ng'ambo ya mto, akavunja mahindi ingine, akarudi, akawasha makaa upya. Kivuli ilikuwa bado inamngoja hapo hapo, akaweka mguu juu yake. Biashara kama hiyo hakuwahi kuona.

Abdulatif akaenda kwa refarii.

"Refarii, muda imeisha."

"Muda ya nani?"

"Ya mpira. Watu wote wenye saa wanasema imeisha zamani."

"Saa ni chuma tu," akasema Ndungu, pole pole, kama anaongea na mgonjwa. "Wewe kapteni, inua macho. Hiyo ni nini?"

"Ni jua."

"Basi. Mimi nikimaliza mechi na jua iko juu, hawa watu wamelipa kiingilio watasema nimewapunja."

"Lakini jua inakungoja wewe, refarii."

"Na mimi pia naingoja," akasema Ndungu. "Rudi ucheze."

Sasa hapo utasema nini? Abdulatif akarudi akacheza.

Mzee Salim, yule wa kuadhini, alikuwa amekuja chini uwanjani kwa sababu kule juu ya msikiti alikuwa amesimama mpaka miguu ikamuuma. Vijana wakamzunguka. Wakamuuliza kama wanaweza kufungua kwa saa ya mkono. Salim alikuwa mtu wa pole. Akatazama Nyandarua, akashika ndevu yake.

"Tumeambiwa jua likizama," akasema. "Hatukuambiwa Ndungu akichoka."

"Na Nairobi, mzee? Redio inasema Nairobi ni usiku."

"Nairobi wana jua lao. Sisi tuna hili."

Hapo ndio lori ya Nderitu ikaingia. Nderitu alikuwa anabeba viazi na mbao, na alikuwa anatoka Nanyuki. Akafika uwanjani na taa zimewaka mchana. Akazima, akashuka, akanunua hindi kwa Waithira, akauliza ni nani anashinda. Halafu ndio akasema, "Chaka ni giza. Nimekuja na taa kutoka Nanyuki, nikapita Chaka, nikapanda kidogo, nikaingia mchana vile mtu anaingia jikoni."

"Murang'a je?" mtu akauliza.

"Murang'a nimesikia walipiga simu kwa polisi wakauliza kama Nyeri inaungua."

Mzee Salim aliposikia hiyo ya Chaka akafikiria kidogo. Akasema mtu akisafiri anafuata jua ya pale alipo. Kama Chaka ni usiku, basi aliye Chaka ni halali ale. Nderitu hata hakuambiwa. Alifungua mlango ya nyuma ya lori, wakapanda wazee, wagonjwa, mama mmoja mjamzito, na sufuria moja ya uji. Wakaenda. Wakakaa kando ya barabara ya Chaka kwa giza, wakala, wakarudi wakipangusa midomo. Kuingia mchana tena, wakaona haya kidogo. Mmoja alisema ni kama amekula akiwa amelala.

Nderitu alienda tena na tena. Ilikuwa ni vizuri, watu wengi walisaidika. Na usifikirie mji ulikuwa na huzuni. Aka, hapana. Sokoni walifungua tena meza. Wamama wa Kikuyu walianika kahawa ambayo ilikuwa imekataa kukauka. Kuku ndio walichanganyikiwa, wakawa wanaingia kwa nyumba na kutoka, wanaingia na kutoka, na ng'ombe ya jirani yangu Wamae ikakamuliwa, ikapumzika, ikakamuliwa tena, kwa sababu Wamae hakutaka kusemwa jua ilikuwa juu na yeye alikuwa amekaa bure.

Lakini wachezaji hawangeweza kupanda lori. Ukitoka uwanjani, refarii anaandika umekimbia, na umepoteza mechi. Basi walikuwa hapo ndani na njaa yao na kiu yao. Mpira ikitoka nje, wanakimbia kuifuata kama watu wanatembea kwa matope. Na Dawud akiwa golini, mama yake alikuwa nje ya goli, amekaa kwa mkeka, na tende kwa kikombe.

Nderitu akamwendea. "Mama Dawud, twende Chaka. Kiti ya mbele ni yako."

"Nani atanipa tende huko Chaka?"

"Hata mimi naweza kukupa."

"Wewe una mikono ya viazi," Mishi akasema.

Nderitu akacheka, akajaribu tena. "Mama, wewe si kijana. Hata dini yenu, mzee Salim anasema mgonjwa anaruhusiwa."

"Mimi si mgonjwa. Mimi nina njaa. Nikienda Chaka nitakula gizani kama mwizi, na mwizi yuko hapa, anakimbia na filimbi mdomoni. Sihami kwangu kwa ajili ya Ndungu."

Dawud alikuwa anasikia hayo yote, ni hatua chache tu. Akageuka. "Mama, nenda."

"Macho kwenye mpira," akamwambia.

Akageuka tena mbele, na ilikuwa vizuri, kwa sababu Radi walikuwa wanakuja.

Nikuambie ukweli, hata Radi walikuwa wamechoka. Walikuwa na mshambuliaji anaitwa Kirimi, kijana Mmeru, mguu yake ilikuwa kama jembe. Huyo hakuwa mtu mbaya. Wakati ya kona moja alisimama karibu na Dawud, wanasukumana vile watu wanasukumana kwa kona, na akasema kwa sauti ya chini, "Kipa, mimi hii goli siitaki."

"Basi kwa nini unapiga?"

"Nikirudi Nairobi bila hiyo goli, Jumatatu niko Meru nachunga mbuzi ya baba."

"Mbuzi ni wabaya?"

"Ni wazuri. Ni baba ndio shida."

Kona ikapigwa, Dawud akaruka, akashika. Waithira hapo nyuma alimpigia makofi na hindi kwa mkono.

Wakati hiyo yote Ndungu alikuwa anafanya kazi. Usiseme alikuwa mvivu. Alikimbia kama wengine. Alipatia Radi frikiki nyingi, hazihesabiki. Moja ilipeanwa kwa sababu beki wa Majengo alikohoa. Ingine ni kwa sababu Abdulatif alimwangalia mtu. Kila moja Dawud aliitoa. Saa ingine refarii alinunua hindi kwa Waithira, akaila akikimbia, akiweka filimbi kwa upande huu ya mdomo na mahindi kwa upande ule. Akamlipa vizuri. Hakuwa mtu wa kula bure.

Halafu Mishi akalala kwa mkeka.

Hakuanguka. Alijilaza tu polepole, upande ya kulia, akaweka mkono chini ya kichwa, macho wazi, yanaangalia goli. Mdomo yake ilikuwa nyeupe kama imepakwa unga. Wamama wakamwekea leso ya kivuli. Mmoja akamletea kijiko ya uji, akafunga mdomo. Mzee Salim mwenyewe akainama akamwambia, "Mishi, nakuruhusu." Mishi akasema yeye hajaomba ruhusa.

Dawud akatoka kwa laini yake hatua moja. Mama akainua kidole, hivi tu, kumwonyesha arudi. Akarudi.

"Usiwape," mama akasema. Haikuwa sauti ya nguvu, lakini sisi wa nyuma ya goli tulisikia. "Mimi nikifa na njaa nitakuwa nimekufa na njaa. Usiwape."

Sasa hapo utaniuliza, kama ningekuwa mimi ningefanya nini. Mimi sijui. Watu wengine karibu na mimi walikuwa wanasema Dawud akaze, labda Radi watachoka kabisa waanguke. Wengine wakasema Radi hawawezi kuchoka, wako na machungwa. Watu wa mji mzima walikuwa wanaangalia hiyo mikono miwili ya fundi. Wote tulitaka Majengo ibaki divisheni ya kwanza. Lakini si sisi tulikuwa na mama kwa mkeka.

Mpira ikatoka nje. Dawud akamwita Abdulatif.

"Nawapa," akasema.

Abdulatif akasogea karibu. Alikuwa na jasho imekauka kwa uso, chumvi tupu. "Ukiwapa tumeshuka."

"Najua."

"Watoto wetu watacheza na timu za mashule."

"Najua, Abdul."

"Na mama yako amekataza."

"Huyo ni mama yangu. Nitajibu mimi."

Abdulatif akaangalia mkeka, akaangalia jua, akaangalia viatu vyake. "Basi mimi nisione," akasema. Akaenda katikati ya uwanja, akasimama akiangalia goli ya upande ule ingine, mgongo kwetu, mpaka mwisho.

Ungefikiria ni rahisi, sivyo? Mtu akiamua kupeana kitu, aliyekuwa anaiba anachukua, mnaenda nyumbani. Lakini hiyo mpira ilikuwa imezoea kukosa. Dawud akasimama kando, akaegemea mlingoti, goli yote wazi kama duka asubuhi. Kirimi akaja na mpira, akapiga, ikapita juu ikaenda kwa mahindi ya Waithira. Akapiga ingine, ikaenda kando. Winga wa Radi akajaribu, akapiga ardhi, akaumia kidole. Mguu zao zilikuwa zimekwisha. Watu wakaanza kucheka, na mimi pia nilicheka, kusema ukweli. Hata wamama. Timu kubwa kama hiyo, inapewa goli kwa sahani na haiwezi kubeba sahani.

Ndungu akaona hapo hakuna njia. Akapiga filimbi fupi, akaonyesha penalti.

"Ya nini?" Dawud akamuuliza.

"Umeegemea mlingoti. Mlingoti ni mali ya mchezo."

"Sawa," Dawud akasema.

Kirimi akaweka mpira. Dawud akasimama nje ya mlingoti kabisa. Refarii akamwambia arudi kwa laini, sheria ni sheria, golikipa lazima awe katikati. Akarudi katikati. Kirimi akaja, akapiga na nguvu yake yote imebaki, na hiyo nguvu ilikuwa kidogo. Mpira ikatambaa kwa nyasi kama kobe, ikaja moja kwa moja mpaka kwa miguu ya Dawud. Akainama akaiokota. Ni mazoea, mkono ilienda yenyewe.

 Alisimama ameshika mpira kwa kifua. Aligeuka akaangalia mkeka. Mishi alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anatikisa kichwa, hapana, hapana. Dawud alimwangalia vile unamwangalia mama yako wakati hutaki kumbishia na utambishia tu. Akarudi nyuma hatua moja, akapita laini. Akainama akaweka mpira chini ndani ya neti, vile unalaza mtoto amelala ili asiamke.

Ndungu akapiga filimbi ya goli. Majengo moja, Radi moja. Hakungoja mpira irudishwe katikati. Akapiga ingine, ndefu, ya mwisho.

Na jua ikaenda. Haikushuka pole pole vile inashuka. Ilikuwa imechelewa sana, ikaanguka nyuma ya Nyandarua mara moja, kama jiwe kwa kisima, na usiku ukawa hapo, na nyota zote ziko mahali pao, hata mwezi ulikuwa umesonga mbali. Kuku ziliingia nyumba. Nderitu akawasha taa za lori ili watu waone. Mzee Salim alikuwa mbali na msikiti, kwa hivyo alisimama juu ya kreti ya soda, akaweka mkono kwa sikio, akaadhini kutoka hapo.

Kabla ya chakula wacha nikumalizie hiyo ingine, kwa sababu sitaki kuileta tukianza kula. Radi walichukua kombe. Majengo wakashuka, na mpaka leo hawajapanda. Wazee wa Majengo walienda Nairobi kulalamika kwa watu wa ligi. Waliulizwa swali moja, kama filimbi ya mwisho ilipigwa. Wakasema ndiyo, ilipigwa. Wakaambiwa basi mechi iliisha vizuri. Mwaka iliyofuata Ndungu alipewa mechi kubwa zaidi, na akanunua koti. Na sisi wa Nyeri tulizoea tu. Mpaka siku hizi, timu kubwa ikija kucheza hapa, wamama wanaanika nguo saa kumi ya jioni, wanajua zitakauka.

Sasa, hapo uwanjani. Dawud alitoka kwa goli, akapiga magoti kwa mkeka. Akachukua tende kutoka kwa kikombe, akaweka kwa mkono ya mama. Mishi hakuipeleka mdomoni. Akaishika tu.

"Wamekuibia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umewabebea."

"Ndiyo, mama."

Taa ya lori ilikuwa inawapiga kwa upande. Mama aliangalia hiyo mikono ya mtoto yake muda mrefu, ikiwa na matope mpaka kwa kiwiko. Dawud naye hakusema alifanya kwa sababu yake.  Halafu Mishi akala tende, akatoa mbegu, akaweka kando. Akachukua ingine kwa kikombe, akamwekea yeye mdomoni, kwa sababu mikono yake ilikuwa michafu.

"Funua pilau," akawaambia wamama.

Wakafunua. Watu wakaanza kukaa, kwa nyasi, kwa mikeka, kwa kreti. Majengo wakakaa, hata Abdulatif, macho yamekuwa mekundu na hakuna mtu alimuuliza. Vijana wa Radi walikuwa wamesimama karibu na basi yao kama watoto kwa shule mpya, wakaitwa wakaja, na Kirimi akakaa kando ya Dawud akamshikia bakuli anawe. Nderitu akakaa. Waithira akaleta mahindi yake ya mwisho. Mimi nilikuwa nimekaa tayari.

Ndungu ndiye alikuja wa mwisho. Alikuwa amevaa sweta juu ya hiyo nguo yake nyeusi, filimbi bado inaning'inia. Akasimama kando ya sinia, akaangalia nyota, akashangaa kidogo vile ni usiku sana.

"Kumbe nyinyi mnakula saa hii?" akauliza.

"Tulikuwa tunakungoja wewe," Mishi akasema.

Abdulatif akasogea upande huu. Dawud akasogea upande ule. Refarii akavua viatu, akakunja miguu, akakaa hapo katikati yao, na sisi wote tukaweka mkono kwa sahani.